Mcheza Kwao Hutuzwa, Lakini Kwao ni Wapi?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa, nasi tumeukariri usemi huo tangu shule ya msingi bila kuuliza swali lolote. Leo mimi nauliza. Mwanafunzi mwenye kipaji cha kucheza ngoma, kuigiza au kuimba, kwao ni wapi? Je, ni kule kwenye mashindano mbele ya majaji asiowajua, au ni hapa shuleni mbele yetu sisi tunaoketi naye dawati moja? Katika makala haya nitaeleza jinsi vipaji vya wanafunzi wa sekondari huonyeshwa nchini Kenya, kisha niseme wazi kwa nini wengi wetu wa shule za kutwa huishia njiani. Mwisho nina pendekezo, nanyi walimu wetu nawaomba mlisome hadi nukta ya mwisho.

Matamasha ni mawili

Wengi hudhani tamasha ni moja tu. La hasha! Yako mawili. La zamani zaidi ni Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927. La pili ni Tamasha la Drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka wa 1959 mkoloni angali nchini. Siku hizo michezo iliyoigizwa ilikuwa ya Kiingereza, na akina Shakespeare ndio waliokuwa kipimo cha usanii. Baada ya uhuru, hasa kuanzia miaka ya 1970, mambo yaligeuka. Wakenya wakaanza kuandika michezo yao wenyewe kuhusu maisha yao wenyewe, na Kiswahili nacho kikapata pa kukanyaga jukwaani.

Kwa kawaida drama huwa muhula wa kwanza na fainali zake za kitaifa huwa Aprili. Muziki huwa muhula wa pili na fainali zake huwa Agosti. Kila tamasha ni kama ngazi. Mnaanza katika kaunti ndogo, mkifaulu mnakwenda kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Walio bora kabisa hualikwa kuonyesha sanaa zao mbele ya Rais. Lakini ngazi ni ngazi: kila kidato unachopanda, wengine wamebaki chini. Shule nyingi huteremkia kidato kile kile cha kwanza, na vipaji vyao haviji kuonekana tena na mtu yeyote hadi mwaka unaofuata.

Ngoma na ngoma

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Katika tamasha la muziki, ngoma ya jadi huchezwa jinsi wenyewe wanavyoicheza. Jaji anataka kuona maleba, ala, wimbo na miondoko ya jamii hiyo bila kutiwa chumvi. Katika drama kuna ngoma ya ubunifu. Hii huchukua nyimbo na miondoko ya jamii fulani ikaitungia kisa kipya, labda cha ufisadi, cha ukame au cha mtoto aliyeachishwa shule. Kwa hivyo mchezaji wa ngoma ya ubunifu ni mwigizaji pia. Akicheza vizuri lakini kisa kisieleweke, amepotea.

Chukua mfano wa isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, na huandamana na pembe ya swara inayopulizwa. Huchezwa harusini, matangani na katika sherehe nyingine nyingi. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Sasa hebu fikiria. Mwanafunzi anayejifunza kuipiga ngoma hiyo analinda kitu ambacho dunia imekiri kwamba kiko hatarini, halafu sisi tunamwambia anapiga kelele! Hapa shuleni petu, mpigaji hodari wa ile ngoma kubwa si Mwisukha wala Mwidakho. Alijifunzia hapa hapa, nyuma ya maabara.

Shairi hupikwaje?

Mimi mwenyewe niko katika kikundi cha shairi la kwaya, basi wacha niwaeleze linavyopikwa. Kwanza shairi husomwa kimya mpaka kila mtu alielewe. Huwezi kukariri usichokielewa, utakuwa kasuku. Pili, sauti hupangwa: nzito, za kati na nyembamba. Tatu, mishororo hugawanywa. Mingine husemwa na mtu mmoja, mingine na watatu, na ile yenye uzito husemwa na kikundi kizima. Nne huja pumzi. Watu kumi na wanne wakivuta pumzi mahali pamoja, neno la kati humezwa na hadhira haisikii kitu. Ndiyo maana tunafunzwa kuvuta pumzi kwa zamu. Mwisho kabisa ndipo miondoko na maleba huja.

Adui mkubwa wa shairi la kwaya ni mahadhi ya chekechea, yaani kila mshororo kupanda na kushuka kwa sauti ile ile kama watoto wanaohesabu moja hadi kumi. Jaji akisikia hivyo, kalamu yake huanza kukimbia.

Na si wale wanaosimama jukwaani tu wenye vipaji. Kuna anayeshona maleba kutokana na magunia. Kuna anayetengeneza kayamba kwa matete na mbegu. Kuna anayeshika saa, maana kila sanaa ina muda wake na ukipita unakatwa alama. Hao hatuwapigii makofi, na bila wao hakuna kitu.

Penye kidonda

Sasa tuguse penye kidonda. Wenzetu wa shule za bweni hufanya mazoezi baada ya chajio, taa zikiwaka na hakuna anayewaza safari. Sisi wa kutwa kengele ya mwisho hulia saa kumi. Kuna anayetakiwa kuchota maji, kuna anayemlinda mdogo wake mama akienda sokoni, na kuna anayepanda matatu mbili kabla ya kufika kwao.

Muhula wa kwanza mwaka huu wa 2026 kikundi chetu kilianza na wanafunzi ishirini na wawili. Siku ya mashindano ya kaunti ndogo tulikuwa kumi na wanne. Wale wanane hawakuchoka wala hawakufukuzwa. Waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake ya nyumbani. Aliyekuwa na sauti nzuri kutushinda sote ni msichana wa darasa langu. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, mashairi hayatakuvusha barabara usiku." Nami sina la kumjibu mama huyo. Alisema kweli.

Tulikuwa wa tatu, na safari yetu ikaishia hapo. Hilo halikuniuma sana, asiyekubali kushindwa si mshindani. Lililoniuma ni jingine. Tulifanya mazoezi wiki saba. Shairi lilisikika na majaji pamoja na hadhira ya wageni kwa dakika chache tu. Shule yetu nzima haikuliona hata siku moja! Wenzetu walisoma tu matokeo ubaoni. Yule msichana aliyeacha kwa sababu ya matatu mbili, hata wanafunzi wa darasa lake hawajui kwamba anaweza kukariri hadi nywele zikasimama. Basi mcheza kwao atatuzwaje ikiwa kwao hajacheza?

Eti ni kupoteza wakati?

Najua kuna watakaosema: masomo kwanza, KCSE haina ngoma. Nakubali kwamba masomo ni kwanza. Lakini kwanza si kusema pekee. Bien, Chimano na Savara wa bendi ya Sauti Sol walikutana wakiwa wanafunzi wa Upper Hill School, Nairobi, wakiimba katika kikundi cha nyimbo za injili. Baadaye walikutana na mpiga gitaa Polycarp, na mwaka wa 2014 bendi hiyo ikapata tuzo ya MTV Europe ya msanii bora wa Afrika. Walianzia shuleni, kwa kuimba pamoja.

Isitoshe, serikali yenyewe imebadilisha wimbo. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu. Wamewekewa mikondo mitatu, na mmojawapo ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, wenye masomo kama Muziki na Dansi, na Uigizaji na Filamu. Kile tulichoambiwa ni mchezo sasa ni somo. Bahati mbaya si kila shule ina mkondo huo, na shule yetu haina. Kwa hivyo mdogo wetu wa Gredi ya 10 mwenye kipaji hapa hana somo lake. Ana kikundi chetu tu.

Na sisi tunaondoka. Kidato cha tatu ndilo darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4. Mwaka wa 2025 hakuna aliyeingia kidato cha kwanza, kwa hivyo kati yetu na Gredi ya 10 kuna pengo la mwaka mzima. Tukimaliza mwaka wa 2027 bila kumfunza mtu, ile ngoma kubwa itabaki stoo ikiliwa na panya.

Tufanyeje basi?

Mapendekezo yangu ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji pesa nyingi.

Kwanza, mazoezi yawe saa ya chakula cha mchana, Jumanne na Alhamisi, dakika arobaini tu. Hakuna atakayechelewa matatu.

Pili, kila muhula tuwe na Siku ya Vipaji, Ijumaa moja, kuanzia saa nane hadi saa kumi. Pasiwe na majaji wala nambari moja. Kila mwenye kitu akionyeshe: ngoma, shairi, mchezo mfupi, wimbo, hata vichekesho. Washona maleba nao waitwe mbele kwa majina.

Tatu, wazazi waalikwe. Mama akimwona mwanawe jukwaani mchana kweupe, huenda naye akatafuta njia. Na wazee wanaojua ngoma za kwao waje watufunze, maana wako mitaani humu humu na hakuna anayewauliza.

Nne, kila mwanafunzi wa kidato cha tatu aliye katika kikundi amchukue mmoja wa Gredi ya 10 na kumfunza anachokijua yeye. Mpiga ngoma amfunze mpiga ngoma. Mimi wangu nimeshampata, na tayari anavuta pumzi vizuri kuniliko.

Walimu wetu wapendwa, hatuombi ukumbi. Uwanja upo, na kivuli cha ule mgrevilea karibu na lango kinatosha. Tunaomba Ijumaa moja tu kabla ya kufunga muhula huu, na ya kwanza kupanda jukwaani, wenzangu wakikubali, iwe ile sauti ya matatu mbili. Saa kumi itakuwa barabarani ikienda nyumbani, jua likiwaka bado.

Chama cha Kiswahili, hoyee!