Garissa haina kasino, lakini mfukoni mwako ipo

Simama kituo cha boda boda mjini Garissa saa nane mchana, jua limekaza kama kawaida yake, umwambie dereva akupeleke kasino. Atakuangalia mara mbili, acheke, kisha akuulize umetoka Nairobi lini.

Mji huu una mengi. Una Mto Tana, una soko kubwa la mifugo, una chuo kikuu, na misikiti iko kila mtaa. Meza ya ruleti ndiyo hutaiona. Wengi hapa ni Waislamu, na Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 90, imeiweka kamari pamoja na pombe. Hilo hata mtoto wa duksi analijua.

Sasa mlipe yule wa boda, kaa mahali penye kivuli na chai, uwatazame vijana watano walioinamia simu. Wawili wanachati. Mmoja anatazama video. Na hao wawili waliobaki? Kwenye skrini zao kuna kindege chekundu kinachopaa.

Ndiyo hiyo kasino. Haikuhitaji kibali cha kujenga Garissa. Ilipitia kwenye bando lako.

Watu hufuata nini kasino?

Usidanganyike kwamba kila anayeingia kasino amefuata utajiri. Kasino huuza mahali kwanza, pesa baadaye. Nje kuna joto, ndani kuna baridi safi. Mlangoni unaitwa bosi. Kiti ni laini, chakula kiko karibu, muziki unapigwa. Mara nyingi hakuna saa ukutani wala dirisha la kukuonyesha kuwa giza limeingia. Na hakuna anayekuuliza ulimaliza chuo lini, kazi umepata, utaoa lini.

Itazame Las Vegas. Ni mji wa jangwani, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Jimbo la Nevada lilihalalisha kamari mwaka 1931, na leo watu humiminika huko hata wasiocheza, kwa ajili ya hoteli, muziki na ndondi. Wewe wa Garissa unaelewa haraka kuliko mtu wa Limuru: kwenye jua kali, mahali penye baridi, taa na watu panavutia.

Na tuseme ukweli, hakuna aibu kutamani hayo. Kupoa, kuheshimiwa, kukaa na watu, kuwa na kitu cha kungojea kesho. Kijana aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita na bado yuko nyumbani anayahitaji hayo kuliko mtu yeyote. Shida ni bei yake.

Hesabu haidanganyi

Gurudumu la ruleti ya Ulaya lina namba 37, kuanzia 0 hadi 36. Namba yako ikitoka, unalipwa mara 35 na kurudishiwa ulichoweka. Sasa weka soo moja kwa kila namba. Umetoa 3,700. Lazima namba moja itoke, kwa hivyo unapata 3,500 pamoja na soo yako, jumla 3,600. Mia moja imebaki kwa mwenye kasino. Hakuiba. Ndivyo mchezo ulivyopangwa.

Monaco, kule kwenye kasino maarufu ya Monte Carlo, raia wa nchi hiyo wenyewe hawaruhusiwi kucheza humo. Ukiona mpishi hali chakula chake, jiulize.

Kile kindege cha simu ni vivyo hivyo. Mchezo huo, Aviator, ulitolewa mwaka 2019 na kampuni ya Spribe, na husemwa kwamba hurudisha asilimia 97 ya pesa zinazochezwa. Inasikika vizuri, sivyo? Lakini raundi moja huisha kwa sekunde chache tu. Ukiweka 50 kila raundi, raundi mia moja zinaisha kabla ya Alasiri kuadhiniwa, na hapo umezungusha 5,000. Asilimia 3 yake ni 150. Hiyo ni wastani tu, ya kipindi kimoja, kwa mtu mtulivu asiyepandisha dau akikasirika. Wewe ukichomeka, hutulia?

Kuna ile imani nyingine: "Kimeanguka mapema mara sita, sasa lazima kipae." Tarehe 18 Agosti 1913, huko Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walijaza pesa kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika, wakapoteza mali nyingi usiku huo. Gurudumu halikumbuki lilichofanya jana. Kindege nacho hakikumbuki.

Mbona basi mtu haachi? Mwanasaikolojia wa Marekani, B.F. Skinner, aliwafunza njiwa kudonoa kitufe ili wapate chakula. Chakula kilipokuja bila mpangilio, mara sasa, mara baada ya kudonoa sana, njiwa walidonoa kwa kasi na hawakukata tamaa upesi. Kidole chako usiku wa manane kinafanya kazi hiyo hiyo.

Pesa za mbuzi wawili

Tuseme hooyo ameuza mbuzi wawili akakutumia karo. Zimeingia kwenye simu Jumatatu, na mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Unajiambia utachukua thao moja tu uizidishe, ununue na viatu. Inakubali. Jumanne unachukua mbili. Jumatano usiku unacheza kurudisha ulizopoteza, na Alhamisi unakopa kwa simu kujaza pengo. Ijumaa hooyo anapiga: "Umelipa?" Unasema ndiyo.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito kwetu kuliko kwingine. Nairobi jamaa akichanika mkeka anawaambia marafiki, wanamcheka, maisha yanasonga. Garissa, Wajir au Mandera utamwambia nani? Umepoteza pesa, umedanganya nyumbani, na umefanya haramu. Unanyamaza. Na ukishanyamaza, mtu wa pekee unayedhani atakutoa ni kile kindege.

Kasino ya jengo angalau ina mlango. Kutoka hapa lazima upande basi, usafiri kilomita zaidi ya 350 hadi Nairobi, na pesa zikiisha utatoka nje upigwe na upepo. Ya simu haina mlango wa kutokea. Na baridi? Kiti? Wenzako wa kucheka nao? Hivyo vyote vilibaki Nairobi. Uliletewa kamari peke yake, ukaicheza chini ya shuka, kwenye joto lile lile.

Serikali imejaribu. Mwaka 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na mwaka huo huo ikaja sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Ni hatua, lakini hakuna sheria itakayokaa kati ya kidole chako na skrini.

Kwa hivyo ufanye nini?

Kwanza, mwambie mtu mmoja leo. Si lazima awe hooyo. Mtafute abti au binamu ambaye hatapiga kelele. Ukoo wetu huchangia harusi, matibabu na diya, na deni lako linaweza kuzungumzwa pia, mradi lijulikane likiwa bado dogo.

Pili, iandikie kampuni unakocheza ifunge akaunti yako kabisa. Kufuta programu peke yake ni bure, unairudisha kwa dakika mbili.

Tatu, karo ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Muombe hooyo afanye hivyo hata kama hutamweleza sababu sasa hivi.

Nne, tafuta mahali. Ndicho ulichokuwa ukikitaka tangu mwanzo. Uwanja wa mpira jua likishapoa, upepo wa jioni kando ya Tana, mechi ya ligi ya Uingereza unayoitazama bila mkeka mfukoni. Utashangaa jinsi bao linavyokuwa tamu wakati huna dau.

Jioni hii ukikaa na wenzako, laza simu kifudifudi mezani na uagize shaah. Kama kuna rafiki ambaye bado ameinama, anayeitikia kila jambo bila kuinua kichwa, mvute kando umuulize amepoteza ngapi. Akikwambia, usimcheke.