Ajira katika Jiji la Tanga

Ajira katika Jiji la Tanga ni jumla ya kazi za mshahara, vibarua na shughuli za kujiajiri zinazowapatia riziki wakazi wa Tanga, makao makuu ya Mkoa wa Tanga kwenye pwani ya kaskazini mashariki ya Tanzania. Kwa zaidi ya miaka mia moja soko la ajira la Tanga limetegemea hasa mkonge, bandari, reli na viwanda. Kila mara shughuli hizo zilipopanuka, watu walihamia mjini na katika mashamba ya jirani. Ziliposhuka, wengi walibaki wakitegemea kilimo kidogo, uvuvi na biashara ndogondogo.

Katika sensa ya mwaka 1967 Tanga ilikuwa na wakazi 61,058, ikiwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania Bara baada ya Dar es Salaam. Katika sensa ya mwaka 2022 jiji lilikuwa na wakazi 393,429, lakini lilikuwa limepitwa na miji kadhaa, ikiwemo Mwanza, Arusha, Dodoma na Mbeya. Kudorora kwa mkonge na viwanda ni miongoni mwa sababu kuu za mabadiliko hayo.

Mwanzo wa kazi za ujira

Wakati wa ukoloni wa Kijerumani Tanga ilikuwa mwanzo wa reli ya Usambara, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905. Shule ya kwanza ya serikali ya kikoloni nayo ilifunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na wahitimu wake waliajiriwa kama makarani, wakalimani na walimu. Hivyo tangu mapema soko la ajira lilikuwa na tabaka mbili: wachache wenye elimu na mshahara wa mwezi, na wengi wa kazi za mikono.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche takriban 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo mashamba makubwa yalienea katika maeneo ya Pangani, Muheza, Korogwe na pembezoni mwa mji wa Tanga.

Manamba na kipande

Kazi ya mkonge ni nzito. Majani yenye miiba hukatwa kwa mkono, hufungwa mafungu, husafirishwa hadi kwenye mashine ya kukamua iitwayo korona, kisha singa huoshwa, huanikwa na kupigwa brashi. Kwa kuwa wenyeji wengi walikuwa na mashamba yao, wenye mashamba ya mkonge walitafuta wafanyakazi kutoka mbali: mikoa ya magharibi na kusini ya Tanganyika, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Wafanyakazi hao waliitwa manamba, kutokana na namba waliyopewa wakati wa kuandikishwa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya pamoja ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kama SILABU.

Malipo yalifuata mfumo wa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku ilihesabiwa tu pale mfanyakazi alipomaliza kiasi cha kazi alichopangiwa. Aliyeugua au kushindwa kumaliza hakuandikiwa siku hiyo, na hivyo malipo yake yalichelewa. Mjini pia kulikuwa na malalamiko kuhusu ujira, na mwaka 1939 wapakuzi wa mizigo bandarini waligoma.

Mnamo miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Baadaye kamba za nailoni na plastiki zilishusha bei. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa, na uendeshaji wake ulikabiliwa na ukosefu wa mitaji na vipuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 20,000. Familia nyingi za manamba hazikurudi zilikotoka. Vizazi vyao ni sehemu ya wakazi wa Tanga hadi leo.

Viwanda na kufungwa kwake

Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda Tanga, ikiwemo kiwanda cha mbolea kilichoanza uzalishaji mwaka 1972 na kiwanda cha chuma. Ajira hizo zilikuwa za kudumu na ziliambatana na huduma kama nyumba, matibabu na usafiri. Kiwanda cha mbolea kilitegemea malighafi kutoka nje ya nchi, na kilisimamisha uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Viwanda vingine vya umma vilifungwa au kubinafsishwa katika kipindi hicho. Wafanyakazi waliopunguzwa walikuwa na ujuzi wa mitambo, lakini hapakuwa na waajiri wengine wa kutosha mjini waliouhitaji.

Viwanda vilivyodumu zaidi ni vile vinavyotumia malighafi ya karibu. Mawe ya chokaa yamewezesha kiwanda cha saruji cha Pongwe, kilichoanza mwaka 1980, na baadaye kiwanda cha Maweni. Kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh, kilichoanzishwa miaka ya 1990, hununua maziwa kutoka kwa wafugaji wadogo wa mkoa. Katika mfano huu watu wanaoajiriwa kiwandani ni wachache kuliko wale wanaopata kipato nje yake, kama wafugaji, wakusanyaji na wasafirishaji.

Bandari na bomba la mafuta

Kwa muda mrefu meli kubwa hazikuweza kufika gatini Tanga. Zilitia nanga mbali, na mizigo ilihamishiwa kwenye matishari kabla ya kupelekwa nchi kavu. Utaratibu huo ulihitaji mikono mingi, lakini uliongeza gharama na muda, na wafanyabiashara wengi walitumia bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Mradi ulioanza mwaka 2019 uliongeza kina hadi mita 13 na kuimarisha gati ili meli zifunge moja kwa moja. Mabadiliko ya aina hii hupunguza kazi za kubeba kwa kila tani ya mzigo, lakini mzigo ukiongezeka huleta kazi za udereva, ghala, uendeshaji wa mitambo na uwakala wa forodha.

Mradi mwingine mkubwa ni bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi rasi ya Chongoleani, kaskazini mwa jiji. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani mwaka 2017 na marais John Magufuli na Yoweri Museveni. Ujenzi wa bomba huhitaji wachomeleaji, madereva, mafundi umeme, wapishi na walinzi. Uendeshaji wake huhitaji watu wachache zaidi, wengi wao wenye mafunzo maalumu. Kwa sababu hiyo kazi nyingi za mradi ni za mkataba wa muda, na manufaa ya kudumu hutegemea kama vijana wa Tanga wanapata ujuzi wanaoweza kuutumia kwingine baada ya ujenzi.

Sekta isiyo rasmi

Wakazi wengi hujitafutia riziki nje ya ajira rasmi. Shughuli za kawaida ni bodaboda na bajaji, mamalishe, ushonaji, useremala, uvuvi na uuzaji wa samaki, pamoja na biashara ya mazao kama machungwa ya Muheza, ambayo baadhi yake huuzwa Kenya kupitia mpaka wa Horohoro.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki na inatoa haki ya likizo yenye malipo. Anayejiajiri hana mwajiri wa kumdai haki hizo, na kibarua wa siku mara nyingi hukosa mkataba wa maandishi wa kuthibitisha madai yake. Wengi wao pia hawachangii mfuko wa hifadhi ya jamii, hivyo ugonjwa au uzee humaanisha kukosa kipato.

Kwa upande wa mitaji, halmashauri zote nchini, pamoja na ya Tanga, zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha usimamizi wake, kisha ukarejeshwa mwaka 2024.