Kwa Nini Sukari Pamoja na Chumvi?

Wazazi wengi wanajua kwamba mtoto anayeharisha apewe maji yenye sukari na chumvi. Wachache wanajua kwa nini viwe vyote viwili, na makosa huanzia hapo. Mmoja huongeza sukari ili mtoto ayapende. Mwingine hununua soda, akidhani ni mamoja.

Utumbo umefunikwa kwa ndani na seli, chembe ndogo mno za uhai. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wenye asili ya mafuta. Maji hupita hapo yakifuata upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Tumeliona jambo hili jikoni: ukinyunyizia vitunguu chumvi, baada ya muda bakuli huwa na maji, nayo yametoka ndani ya vitunguu.

Chumvi na sukari zenyewe haziwezi kujipenyeza katika mafuta yale. Huhitaji milango. Mwaka 1960 mwanasayansi wa Marekani, Robert Crane, alieleza kwamba mlango mmojawapo wa utumbo huingiza glukosi na chumvi kwa pamoja. (Sukari ya mezani humeng'enywa tumboni ikatoa glukosi.) Vikiisha kuingia, maji huvifuata. Hata kipindupindu, ambacho huvuruga njia nyingine ya kuingiza chumvi, hakiufungi mlango huo.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliwashika wakimbizi waliokimbilia India, na chupa za dripu zikawa haba. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha maji ya glukosi na chumvi, yakigawiwa na ndugu za wagonjwa wenyewe. Vifo vilivyokuwa vimefikia kama 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4.

Basi tuangalie kipimo. Pakiti ya kituo cha afya ni bora. Ichanganywe kwa maji kiasi kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe kwa kisu. Sukari ikizidi, yatatokea yale ya vitunguu: maji yatatoka mwilini kuingia utumboni, na mtoto ataharisha zaidi. Soda hufanya vivyo hivyo. Chumvi nyingi ni hatari zaidi, kwa hiyo onja kwanza. Yasizidi machozi kwa chumvi.

Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea. Anyonyeshwe na kula kama kawaida. Ulizeni pia vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14.

Mtoto akilegea, macho yakadidimia, akashindwa kunywa au akaharisha damu, mpelekeni hospitali mara moja. Kama bado aweza kumeza, kikombe na kijiko viende naye njiani.