MATUNDA YA PORI: HEBU TUYAONJE

Mwezi wa Desemba ni mwezi mgumu katika vijiji vingi vya Tabora. Mvua imeanza. Kazi ya shamba ni nyingi. Lakini kihenge kinakaribia kuwa kitupu. Mahindi mapya bado. Mtoto anakwenda shule na uji mwepesi, au bila uji.

Mwezi huo huo, ingia porini. Chini ya miti utakuta matunda. Mengine yameanguka yenyewe. Hakuna aliyeyapalilia. Hakuna aliyeyatilia mbolea. Watoto wanayajua. Wachunga ng'ombe wanayajua. Lakini sisi watu wazima tunaona haya kuyala. Tunasema hicho ni chakula cha watoto, au cha nyani.

Mimi ni bwana shamba. Nimetembea vijiji vingi kwa baiskeli, na baadaye kwa pikipiki. Kila nilipofika nimeonja kilichopo. Safari moja bibi mmoja aliniuliza, "Bwana shamba, na wewe unakula matonga?" Nikamjibu, "Shikamoo bibi. Nakula, tena niongeze." Alicheka sana. Akaniletea matatu.

Basi leo nataka kukueleza niliyoyaonja. Nitasema lipi ni tamu na lipi si tamu. Wewe unaweza kukataa. Ulimi ni wako.

MATONGA

Mtonga ni mti mdogo. Tunda lake ni la mviringo, kubwa kama chungwa. Likiwa bichi ni la kijani. Likiiva huwa la manjano au rangi ya chungwa. Ganda lake ni gumu kama ubao. Kisu hakifai kitu. Lipige kwenye jiwe, litapasuka.

Ndani utakuta mbegu nyingi. Kila mbegu imefunikwa na rojo la kahawia. Rojo hilo ndilo tunalolitaka. Lina utamu, na lina uchachu kidogo nyuma ya utamu. Harufu yake ni nzuri sana. Ukiweka matonga mawili ndani ya nyumba, mgeni atauliza kuna nini humu.

Kwangu mimi hili ndilo tunda la kwanza katika pori la Tabora. Wala si mimi peke yangu. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwauliza wakulima wa Tabora ni miti ipi ya matunda ya pori wanayoipenda zaidi. Mtonga ulikuwa miongoni mwa ile iliyotajwa mbele.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Mbegu za matonga zina sumu. Fyonza rojo, kisha tema mbegu. Usizitafune. Usizisage. Tunda bichi pia usile. Mfundishe hivyo mtoto wako kabla hujamruhusu kwenda porini. Tena iko miti mingine ya jamii ya mtonga ambayo matunda yake hayaliwi kabisa. Kama wazee wa kijiji chako hawali tunda fulani, na wewe usilile.

Ukitaka kinywaji, fanya hivi. Chemsha maji, yaache yapoe. Pasua matonga manne au matano yaliyoiva. Toa rojo pamoja na mbegu kwa kijiko, weka katika maji yale. Koroga kwa mwiko wa mti, polepole, ili mbegu zisivunjike. Chuja kwa chujio au kitambaa safi. Ongeza sukari kidogo kama unayo. Kunywa siku hiyo hiyo. Usitumie mashine ya umeme ya kusagia matunda, maana itasaga na mbegu.

MAKUSU

Makusu ni tunda la watu wengi. Utaliona Tabora, Songea, Mbeya na hata nje ya nchi yetu, huko Zambia na Malawi. Ni la mviringo, rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia. Libonyeze kwa vidole. Ganda litapasuka, na ndani utaona nyama laini ya manjano.

Utamu wake unakaribia asali. Halina uchachu. Watoto wanalipenda kuliko yote. Mimi nikila kumi nachoka, kwa sababu utamu umezidi. Tena mbegu zake ni kubwa, nyama ni kidogo. Kazi ya kula ni nyingi kuliko shibe. Hilo ndilo kosa lake pekee.

Sasa kuna jambo moja ambalo wakulima wengi hawalijui. Mkusu una dume na jike. Mti jike huzaa. Mti dume hutoa maua tu, hauzai hata tunda moja. Mkulima anasafisha shamba. Anasema, "Huu hauzai, nautoa. Ule unazaa, nauacha." Anakata madume yote. Baada ya mwaka au miaka miwili anashangaa kwamba majike nayo hayazai tena. Yatazaaje? Ua la jike linahitaji unga wa ua la dume, na wadudu kama nyuki ndio wanaoupeleka.

Kwa hiyo, ukisafisha shamba, acha na madume machache. Mng'ong'o nao ni hivyo hivyo, una dume na jike.

NG'ONG'O NA MBURA

Ng'ong'o huanguka likiwa bado la kijani. Huivia chini, likawa la manjano. Usilipande mtini kulichuma. Subiri. Likiiva, toboa ganda, fyonza maji yake. Ni machachu na matamu kwa pamoja. Yana vitamini C nyingi kuliko chungwa. Ndani ya kokwa lake kuna kiini chenye mafuta, kitamu kama karanga. Ila kuvunja kokwa hilo ni kazi kweli kweli.

Huko Afrika ya Kusini wanatumia tunda hili kutengeneza kinywaji kikali kiitwacho Amarula. Kilianza kuuzwa mwaka 1989, na sasa kinauzwa nchi nyingi za dunia. Chupa zake utaziona hata katika maduka ya Dar es Salaam. Tunda ni lile lile linaloozea chini ya miti yetu Dodoma na Singida.

Mbura sitaisifu sana. Harufu yake ni nzito, na nyama yake ni ya unga unga. Ni tamu, lakini inakwama kooni. Hata hivyo mbura ina sifa moja. Inashibisha. Mchunga ng'ombe akila mbura mchana anaweza kufika jioni.

SADA NA FURU

Sada ni tunda dogo la kahawia, lenye ngozi nyororo. Kama umewahi kula tufaa, na umewahi kula ukwaju, basi changanya ladha hizo mbili kichwani. Hiyo ndiyo sada. Mimi naipenda. Mke wangu haipendi hata kidogo.

Furu ni nyeusi. Ukila utajulikana, kwa maana ulimi na midomo hubadilika rangi. Watoto waliochelewa kurudi nyumbani hukamatwa kwa ushahidi huo.

Ukiwa na matunda mengi kuliko mnavyoweza kula, pika jemu. Wanawake wa vijiji vya Tabora walifundishwa kazi hii, pamoja na kutengeneza juisi na mvinyo wa matunda ya pori. Wengine wakapata fedha. Pima rojo kilo 1. Tia sukari nusu kilo au zaidi. Chemsha huku ukikoroga mpaka iwe nzito. Mimina ikiwa ya moto katika chupa zilizochemshwa, kisha funika vizuri. Kwa matonga kumbuka kutoa mbegu kwanza.

UBUYU

Ubuyu huna haja ya kuelezwa. Wagogo wanautia katika uji na katika mboga. Watu wa pwani wanaupika na sukari na rangi, wanauza kwa vipimo. Ule wa sukari ni mtamu, sikatai. Lakini ni peremende, si chakula.

Mimi nasifu ubuyu mweupe, mkavu, ule unaotoka katika ganda lake. Ni mchachu mpaka macho yanafumba. Uchachu huo una faida. Uzito kwa uzito, ubuyu mkavu una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Vitamini hiyo husaidia fizi zisitoke damu na vidonda vipone. Pia husaidia mwili kutumia madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage. Mama mjamzito anayahitaji sana madini hayo.

Lakini vitamini C huharibiwa na moto. Kwa hiyo usichemshe ubuyu. Pika uji kwanza. Uepue, uache upoe kidogo, ndipo utie unga wa ubuyu na kukoroga.

Ubuyu una sifa nyingine kubwa. Haukawii kuhifadhika, maana ni mkavu tayari. Uweke mahali pakavu, utakaa miezi mingi. Unaweza kuuvuna wakati wa kiangazi ukautumia Januari. Mwaka 2008 nchi za Umoja wa Ulaya ziliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula. Sasa wanunuzi wanautafuta. Mwananchi akija kununua magunia kijijini kwako, uliza bei kwa watu wawili watatu kwanza, kisha uza.

VINYWAJI

Togwa ni kinywaji bora. Uji wa mahindi au mtama unapoa, unatiwa kimea cha ulezi, unaachwa mpaka uwe mtamu na baadaye mchachu. Uchachu wake huzuia vijidudu vingi vya kuharisha. Togwa nzuri haina mabonge. Niliyokunywa Songea ni nzuri kuliko ya Iringa. Watu wa Iringa mnisamehe.

Lakini Iringa na Njombe wana ulanzi, na hapo siwezi kuwashinda. Wakati wa mvua wanakata ncha ya mwanzi mchanga. Wanafunga chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta. Maji ya mwanzi yanadondoka humo. Ulanzi wa asubuhi, uliotoka mtini sasa hivi, ni mtamu kama maji ya miwa, na haulevyi. Ukikaa mpaka jioni unaanza kuuma ulimi. Ukikaa zaidi unalevya. Chagua saa yako. Gongo sikuionja kwa ajili ya makala hii. Sheria inaikataza, na wako watu waliopofuka kwa pombe za namna hiyo.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma uliwahi kuionja? Ni nyepesi kama maji, tena ni chachu. Kijiko kimoja kinatosha.

Na kama una ng'ombe, jaribu jibini. Wengi wakisikia neno hilo wanafikiri ni chakula cha wazungu na mashine. Si hivyo. Pasha lita 5 za maziwa mpaka yakaribie kuchemka. Epua. Tia maji ya ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga polepole. Maziwa yatakatika, mabonge meupe yatajitenga na maji. Chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi, funga, weka jiwe safi juu yake kwa saa mbili. Utapata zaidi ya nusu kilo. Likiliwa hivi hivi halina ladha kubwa. Lakini likate vipande, ukaange na kitunguu na nyanya. Utasahau nyama kwa siku hiyo.

MITI INAKWISHA

Sasa nizungumze jambo lenye uchungu. Zamani bibi zetu walichuma matonga nyuma ya nyumba. Leo katika vijiji vingi mama anatembea saa nzima au zaidi. Miti imekwenda wapi? Mingine imekatwa kwa kufungua mashamba mapya. Mingine imeingia katika tanuri za mkaa. Na hapa Tabora kuni nyingi zinaingia katika mabani ya kukaushia tumbaku. Bani halichagui. Linachoma mti wa matunda sawa na mti mwingine.

Sisemi usilime tumbaku. Tumbaku inalipa ada ya shule. Nasema panda miti ya kuni kwa ajili ya bani lako, na mti wa matunda uuache umesimama shambani. Mahindi machache yaliyo kivulini yatapungua kidogo, ni kweli. Lakini mwaka mvua ikikatika, mahindi yatakauka na mkusu utazaa.

Pia unaweza kupanda. Wengi wanasema mkusu haupandiki. Unapandika, ila una masharti yake. Mbegu zake hazikai. Ukizikausha na kuzitunza mpaka mwakani, zimekufa. Zitoe katika tunda lililoiva, zioshe, zipande siku hizo hizo. Udongo wa kitalu usiwe wowote tu. Chimba ndoo moja ya udongo chini ya mkusu mkubwa, uchanganye na udongo wako. Katika udongo huo kuna ukungu mwembamba sana unaoshikana na mizizi na kuulisha mche. Bila huo, mche hudumaa.

Mkusu wa mbegu unaweza kukaa miaka 10 au zaidi kabla ya kuzaa, tena hujui kama utakuwa dume au jike. Mche uliobebeshwa kikonyo cha mti jike mzuri huzaa mapema, kama miaka 3 au 4. Kazi ya kubebesha si ngumu. Anayejua kubebesha maembe ataiweza. Mwite bwana shamba au bibi shamba wa kata yako akuonyeshe, na mwambie aje kabla mvua hazijaanza, ili viriba na kisu viwe tayari.