Fahamu: Kifungu cha kutoshindana kampuni inapouzwa

Ni ahadi ya muuzaji kwamba, kwa muda fulani, hatafanya biashara ileile aliyoiuza na kumnyang'anya mnunuzi wateja.

Kwa nini kinaruhusiwa?
Anayenunua kampuni hulipia pia wateja na ujuzi wake. Mwenye kiwanda cha mikate akikiuza leo, kesho akafungua kingine mtaa uleule, mnunuzi atabaki na jengo na tanuri tu.

Mipaka ni ipi?
Kwa kawaida, Umoja wa Ulaya hukubali hadi miaka 3 wateja na ujuzi vikiuzwa pamoja, na miaka 2 wakiuzwa wateja tu. Kifungu kisivuke bidhaa na eneo la biashara iliyouzwa.

Kikivuka mipaka?
Mwaka 2010, Telefónica ya Hispania ilinunua hisa za Portugal Telecom katika Vivo, kampuni ya simu ya Brazil. Mkataba ukazizuia Telefónica na Portugal Telecom kushindana Hispania na Ureno, ingawa biashara iliyouzwa ilikuwa ya Brazil. Mwaka 2013, Tume ya Ulaya ilizitoza faini ya jumla ya takriban euro milioni 79.

Kwa nini mipaka ni muhimu?
Kampuni zikigawana masoko, bei ikipanda mteja hukosa pa kukimbilia.