Pilipili Mbuzi Chini ya Taa ya Zambarau

Muuzaji wa duka la vifaa vya kilimo cha maji hapa Minneapolis aliniuliza swali moja tu: "Umebakiza wiki ngapi uvune?" Nikamwambia pilipili zangu bado mbichi. Akacheka, akanikonyeza. Alidhani ni fumbo.

Simlaumu. Tangu tarehe 1 Agosti 2023, sheria ya Minnesota inamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi kupanda bangi nyumbani kwake: mimea 8, na yenye maua isizidi 4. Dukani kila kitu kimewekwa kwa ajili yao, mpaka vioo vya kukuzia, maana mkulima wa bangi katika wiki za mwisho huchungulia vinywele vya ua akisubiri vigeuke vyeupe kama maziwa. Mimi nina miaka 20, na nilitaka pilipili mbuzi tu, kwa sababu zile za dukani wakati wa baridi humkasirisha Mama kwa bei na kwa mikunjo.

Mtambo wangu ni ndoo ya lita 20, kikombe chenye matundu, kokoto za udongo na pampu ya hewa ya tangi la samaki. Mizizi inaning'inia ndani ya maji ya mbolea, na pampu ndiyo pumzi yake. Mwezi wa pili pampu ilizimika nikiwa kwenye mitihani. Niliporudi, mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza kama bamia. Nikaiosha, nikamwaga maji yote, nikarudisha pH kwenye 6. Kati ya miche miwili ukapona mmoja. Ulipochanua, ilinibidi nitikise maua kwa kidole kila asubuhi, kwani chumbani hakuna upepo wala nyuki.

Taa ndiyo iliyoniletea kesi. Ni ya zambarau, na dirisha langu linatazama maegesho ya magari. Jirani yetu, mama mmoja wa Mombasa, akampigia Mama simu. Mama akaingia bila hodi.

"Umepanda nini humu?"

"Pilipili, Mama."

"Pilipili gani inayowashiwa taa ya disko?"

Nilidhani anaogopa maneno ya majirani. Kumbe ni ombi lake la uraia. Jimbo limeruhusu bangi, lakini sheria ya shirikisho haijaruhusu, na mwaka 2019 idara ya uhamiaji ilieleza kwamba bangi inaweza kumharibia mwombaji sifa ya mwenendo mwema, hata pale jimbo lilipoihalalisha. Hata kuajiriwa katika biashara hiyo kunaweza kuleta shida. Wanachama wenzangu, kama nyumbani kuna kaka au dada anayesubiri karatasi na ameahidiwa kazi kwenye duka la bangi, mwambieni amwone wakili wa uhamiaji kwanza.

Mama aliinama, akalisugua jani, akanusa vidole. Akaliona tunda moja la kijani, limekunjamana kama taa ya karatasi. "Hee, mbuzi kweli." Lakini kesho yake alileta pazia zito.

Wiki tatu zilizofuata alikuwa akipita kila asubuhi kabla ya kazi, ananikataza kuchuma. Tulivuna 11, nyekundu. Moja aliiweka juu ya bakuli la mchuzi wa samaki aliompelekea jirani, nzima, bila kuikata, aione vizuri.