Asili ya Neno 'Moon' katika Kiingereza

Mwanafunzi azoeaye maneno ya Kiingereza kama 'lunar' na 'lunatic' hushawishika kudhani kuwa 'moon' nalo lina asili ya Kilatini. Dhana hiyo haina msingi. 'Moon' ni neno la kurithi, halikuazimwa popote.

Katika Kiingereza cha Kale, mwezi wa mbinguni uliitwa 'mōna' na mwezi wa kuhesabia siku 'mōnath'. Vokali ndefu ya 'mōna' ilipanda kutoka /o:/ hadi /u:/ katika yale mageuzi makubwa ya vokali yaliyoanza yapata karne ya 15, huku tahajia ya 'oo' ikibaki kuwa shahidi wa matamshi ya zamani. Mambo yalikuwa mengine kwa 'mōnath'. Silabi yake ya pili ilififia, konsonanti zikakutana, na vokali iliyotangulia ikafupishwa. Ndiyo sababu leo sikio halitambui kwa urahisi undugu wa 'moon' na 'month', ingawa Mswahili, ambaye neno lake 'mwezi' hubeba maana zote mbili, angeutazamia tangu mwanzo.

Undugu huo umeenea mbali. Kijerumani kina 'Mond' na 'Monat'. Kiyunani cha kale kilikuwa na 'mene' na 'men'. Nalo 'mah' la Kiajemi hubeba maana zote mbili sawasawa na 'mwezi'. Wataalamu wengi huyahusisha maneno haya na mzizi wa kale wa lugha za Kihindi-Ulaya wenye maana ya kupima. Mwezi, basi, ulipewa jina kwa kazi yake ya kupimia wakati, wala si kwa mwanga wake.

Kilatini chenyewe ndicho kilichoiacha njia hiyo. Kilihifadhi 'mensis' kwa mwezi wa siku (na wingi wake, 'menses', una maana ile ile ya Waswahili wasemapo mwanamke ameingia mwezini), lakini mwezi wa mbinguni kikauita 'luna', kutokana na mzizi wa kung'aa uliozaa pia 'lux', yaani nuru. 'Lunatic' lilifika Uingereza baadaye kupitia Kifaransa, likitokana na itikadi kwamba mwezi huleta wazimu.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni 'Monday'. Hilo ni tafsiri ya 'dies lunae', siku ya mwezi. Hata hivyo waliolitunga hawakuichukua 'luna', bali walitumia neno lao wenyewe: 'mōnandæg'. Wanaoshikilia kuwa Kiingereza kilipata istilahi zake kwa kuazima tu hawautaji mfano huu.